Barua ya wazi kwa wakuu wa afya Mombasa: tezi ya shingo nayo itajwe

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa,
Kwa Waziri wa Afya wa Kaunti na maafisa wake,
Kwa Kamati ya Afya ya Bunge la Kaunti,
Nakala kwa Wizara ya Afya, Nairobi.

Waheshimiwa,

Assalamu aleikum, na salamu nyingi pia kwa msio Waislamu. Mimi ni mama wa makamo, mwenye duka la dawa huku Kisauni, na kazi yangu ni kusimama nyuma ya kaunta tangu asubuhi mpaka baada ya isha. Siandiki kuomba zabuni wala kazi. Naandika kwa sababu kuna ugonjwa unaopita mbele ya kaunta yangu kila wiki kwa jina la ugonjwa mwingine, nanyi mnaosema na mji huu kwa redio, mabango na mikutano ya hadhara hamwutaji. Ni ugonjwa wa tezi ya shingo, ambao madaktari huuita wa thairoidi.

Ombi langu nalitanguliza, kwa faida ya asiyekuwa na wakati wa kufika mwisho. Watu wa Mombasa waelezwe dalili za ugonjwa huu kwa Kiswahili wanachokizungumza na kwa mifano ya maisha yao, na wakishaelezwa wakikute kipimo cha damu katika hospitali iliyo karibu nao. Mawili haya hayatengani. Ukimwambia mtu akapime na kipimo hakuna, umemzidishia wasiwasi bure. Ukileta mashine na watu hawajui ni ya nini, itaingia vumbi.

Njooni siku moja mkae nami dukani. Atakuja dada wa ofisini kutaka vidonge vya kuongeza damu kwa sababu anaamka amechoka. Damu yenyewe hajapima; shoga yake ndiye aliyemwambia kuwa uchovu ni upungufu wa damu. Nyuma yake atakuja kijana anayetaka dawa ya usingizi, na mikono inavyomtetema hata noti zake anazihesabu kwa taabu. Mama mwingine ataulizia majani ya kupunguza mwili, maana amenenepa na chakula chake ni kile kile cha siku zote. Mzee atataka kitu cha kulainisha choo. Bibi harusi wa mwaka juzi ataniita pembeni na kuninong'oneza kama nina dawa ya kushika mimba. Sisemi kwamba wote hawa wana ugonjwa wa tezi. Wengi wao hawana. Lakini katika watu wa namna hii hakosi mmoja wa kupimwa, na hakuna hata mmoja anayeitaja shingo yake. Nikimuuliza kama amewahi kupimwa tezi, ananikodolea macho.

Tezi yenyewe ni ndogo. Inakaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, ina mbawa mbili zilizolikumbatia bomba la hewa, na kwa mtu mzima uzito wake ni kiasi cha gramu 15 hadi 25. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoamua mwili uende kwa kasi gani: moyo upige vipi, chakula kitumike vipi, utumbo usogee vipi, joto liwe kiasi gani, akili ichangamke au isinzie. Homoni hizo ni T4 na T3, zilizopewa majina kwa hesabu ya chembe za iodini zilizomo ndani yake. Chini ya ubongo iko tezi nyingine inayoisimamia hii kama nyapara wa bandarini: kazi ikilala hupaza sauti, kazi ikizidi hunyamaza. Sauti hiyo ndiyo TSH, na ndiyo inayopimwa kwanza kwenye damu. Ikiwa juu, mara nyingi tezi imelegea. Ikiwa chini sana, mara nyingi tezi inakwenda mbio kupita kiasi. Mengine ya kitaalamu nawaachia madaktari.

Sasa, kwa nini naililia Mombasa hasa? Kwa sababu maisha ya mji wetu yanauficha ugonjwa huu, tena yanauficha vizuri.

Tuanze na joto. Tezi ikienda mbio, mtu hutoka jasho jingi, hastahimili joto, moyo humdunda, hukonda na huku anakula, huenda choo mara kwa mara, usingizi humkimbia. Hebu mwelezeni hayo mtu wa Mombasa mwezi wa Februari, upepo umekufa na umeme umepotea. Nani hatoki jasho? Nani analala? Bango lililotungwa Nairobi likiuliza kama unahisi joto kupita kiasi, hapa linakuwa mzaha. Huku swali liulizwe vingine: je, unatiririka jasho hali wenzako mliokaa nao chumba kimoja wametulia? Je, moyo unakudunda ukiwa umelala, alfajiri, hata msimu wa kusi ambapo kuna ubaridi? Kwa tezi iliyolegea mambo ni kinyume, na hapo hali ya hewa yetu inatusaidia, tukijua cha kutazama. Mtu anayejifunika blanketi Februari hiyo hiyo, anayezima feni wenzake wakigombea kukaa chini yake, huyo akapimwe. Ongeza ngozi kavu, sauti iliyokwaruza, nywele zinazotoka, choo kigumu, hedhi nzito, unene usio na sababu, usahaulifu, huzuni. Dalili moja peke yake haisemi kitu. Zikifuatana tatu au nne na kudumu kwa miezi, si uvivu wala uzee.

Halafu kuna vazi. Wanawake huugua tezi mara tano hadi nane zaidi ya wanaume, na wanawake wengi wa mji huu hutoka nje shingo ikiwa ndani ya mtandio. Ni stara yetu, na sitaki afisa yeyote aiguse. Lakini mwanamke asiyejifunika akianza kuota rovu, yaani tezi ikivimba shingoni, jirani atamuuliza sokoni. Mwenzake aliyejistiri linaweza kumkua mpaka likaanza kumbana akimeza, na aliyeliona ni mumewe tu, naye alidhani ni nyama za unene. Ndiyo maana mafunzo ya kujiangalia shingo yapelekwe majumbani, yafundishwe na wanawake kwa wanawake. Vua mtandio na mkufu, simama mbele ya kioo, inua kidevu kidogo, kunywa funda la maji, na utazame chini ya kikoromeo unapomeza. Ukiona uvimbe unaopanda na kushuka, au upande mmoja umezidi mwingine, nenda ukaonwe. Haigharimu kitu. Wasusi wetu nao wafundishwe, maana hakuna anayejua nywele za mwanamke zimepungua kiasi gani kama anayezisuka.

Hapo tahadhari mbili zisikosekane katika mafunzo hayo. Shingo isiyovimba haimaanishi kwamba tezi ni nzima. Wengi wenye tezi iliyolegea hawana uvimbe wowote, na ni damu tu itakayosema. Na uvimbe nao si hukumu. Vinundu vya tezi, tisa kati ya kumi na hata zaidi, si saratani, na aina ya saratani ya tezi inayoonekana zaidi hutibika vizuri ikiwahiwa. Watu wanaliogopa neno hilo kiasi cha kukaa na donge shingoni miaka wasiende popote.

Kijana aliyekonda, anayetetema, asiyelala, macho yamemtoka: mtaani jibu ni moja tu, muguka, yale majani ya kutafuna yanayochangamsha. Pengine ni kweli. Pengine pia ni tezi, na pengine vyote viwili pamoja, na hapo moyo wake uko hatarini zaidi. Mlipotangaza marufuku ya muguka Mei 2024, kabla hata mahakama haijaisimamisha, habari ilikuwa imeshafika kila maskani, kila stendi ya tuktuk na kila baraza la kahawa. Iwe marufuku ile ilikuwa sawa au sivyo, siingii huko. Ninachosema ni kwamba mkitaka kusikika katika mji huu, mnasikika.

Na pale muguka unapokuwa hauhusiki, husemwa ni pepo. Mama anayedundwa na moyo, anayeshikwa na hofu ghafla, anayelia bila kuguswa, ataandikiwa kombe la aya za kunywa, atafukizwa, na familia itachanga fedha za shughuli. Mwenye kupata faraja katika kombe simkatazi. Kombe na kipimo cha damu havigombani. Ila ningependa masheikh wetu, na wachungaji upande wa pili, wakalishwe na daktari wa kaunti siku moja waelezwe dalili hizi, ili wanapomsomea mtu wamwambie pia akapime. Wengi wao ni watu wa busara na watakubali, kwa sababu wao ndio huletewa wagonjwa hawa kabla yenu na kabla yangu.

Lakini dhana inayonichosha kuliko zote ni ile ya bahari. Nimeambiwa na watu wazima, tena waliosoma, kwamba rovu ni ugonjwa wa watu wa milimani wasioona samaki, na sisi bahari tunayo. Nusu yake ni kweli. Samaki wa baharini ana iodini, na nyanda za juu ndiko rovu lilikokuwa limeenea kabla ya chumvi kuanza kutiwa madini hayo. Nusu ya pili ina matundu. Sehemu kubwa ya chumvi ya nchi hii hutoka hapa kwetu Pwani, kwenye mabwawa ya Gongoni na Marereni, kule juu ya Malindi. Watu wanaona maji ya bahari yakikauka juani, wanadhani iodini imebaki ndani. Haibaki ya kutosha. Hutiwa kiwandani, na sheria ya Kenya inataka chumvi yote ya kula itiwe. Kwa hiyo chumvi ghafi ya mawe inayouzwa kwa kupimwa, iliyo nzuri kwa kukaushia ng'onda, si chumvi ya kutia kwenye mchuzi kila siku, hata kama imetoka ng'ambo hapo. Wala ile ya rangi ya waridi inayouzwa ghali kwa jina la afya; nyingi haikutiwa kitu. Na hata iliyotiwa, ikikaa wazi karibu na jiko, katika unyevu huu wa kwetu unaogeuza chumvi kuwa tope, iodini yake hupungua. Itiwe kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Mambo haya hayana ugumu wowote, lakini sijaona hata karatasi moja ya kaunti inayoyasema.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku. Mjamzito na anayenyonyesha, 250. Sisemi watu wazidishe chumvi, Mungu aniepushe. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, na kwa tunavyopenda achari na ng'onda, nadhani wengi wetu tumeshavuka mpaka huo. Nasema ile kidogo tunayokula iwe yenye iodini.

Tena kuna wanaokwenda kasi upande wa pili. Tangu mwani uanze kusifiwa mitandaoni, wateja wananiulizia mwani wa unga kwa kila maradhi. Wanawake wa Kibuyuni kule Kwale wanaulima kwa jasho lao na sitaki kuwaharibia soko. Lakini mwani hubeba iodini kwa viwango vinavyotofautiana sana, na iodini ikizidi huweza kuivuruga tezi, hasa ya mtu ambaye tayari ina hitilafu. Mwenye ugonjwa wa tezi asianze kula mwani wala matone ya iodini bila kuuliza. Muhogo nao hulaumiwa. Unaweza kuisumbua tezi pale mtu anapoula kwa wingi bila kuandaliwa vizuri na iodini mwilini ni haba, lakini kwa anayepikia chumvi iliyotiwa iodini, muhogo wa nazi wa futari hauna kosa.

Na hata kila nyumba ikipikia chumvi nzuri, ugonjwa hautakwisha. Mahali iodini inapotosha, sababu kubwa huwa ni kinga ya mwili kugeuka na kuishambulia tezi yake yenyewe. Kuna ugonjwa wa Hashimoto, daktari wa Kijapani aliyeueleza mwaka 1912, ambao huilegeza tezi polepole, na kuna wa Graves, daktari wa Ireland aliyeueleza mwaka 1835, ambao huichochea na mara nyingine huyatokeza macho. Haya hayajali kama unakula changu au sukuma wiki. Mara nyingi hufuata ukoo. Basi mama akiwa nao, mabinti zake waambiwe, wasifichwe kwa kuogopea posa.

Sasa nije kwa jambo ninaloliandika kwa uchungu zaidi.

Miezi mitatu ya kwanza ya mimba, ubongo wa mtoto hujengwa kwa homoni ya tezi ya mama, kwa sababu tezi yake mwenyewe bado haijaanza kazi. Tezi ya mama ikiwa imelegea vibaya na haikutibiwa, hatari huongezeka: mimba kutoka, kuzaa kabla ya wakati, presha ya mimba. Mwanamke ambaye tayari anatumia dawa ya tezi, akipata mimba kwa kawaida dozi yake huongezwa, na huongezwa mapema. Wangapi wanaambiwa? Wanaonijia dukani, wengine wameiacha dawa kabisa kwa kudhani itamdhuru mtoto, hali ni kuiacha ndiko kunakomdhuru.

Sidai kila mjamzito wa kaunti hii apimwe TSH kuanzia kesho. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana juu ya kuwapima wote. Nadai mkunga wa kliniki awe na maswali machache mbele yake: umewahi kuugua tezi? Kwenu yuko mwenye nayo? Umepoteza mimba? Una kisukari cha kuanzia ujanani? Shingo imevimba? Mwenye kujibu ndiyo, damu yake iende maabara. Vivyo hivyo kwa mwanamke aliyekaa miaka hajashika mimba. Tunajua yanayotokea katika nyumba zetu: maneno ya mawifi, safari za kwa mganga, mke wa pili, talaka. Tezi iliyolegea ni moja katika sababu za kutoshika mimba zinazotibika kwa kidonge, na inasikitisha kuona ndoa imevunjika bila mtu hata mmoja kutolewa damu. Mume naye apimwe yake, hilo ni somo lingine.

Baada ya kuzaa pia. Wako wanawake ambao tezi huwavurugika ndani ya mwaka wa kwanza, mara huenda mbio, mara hulegea. Sisi husema ni uchovu wa arobaini. Arobaini ikipita tunasema ni uchovu wa kunyonyesha, kisha tunasema fulani amekuwa mvivu tangu azae.

Na yupo mtoto mwenyewe. Duniani, katika kila watoto 2,000 hadi 4,000 wanaozaliwa, mmoja huzaliwa na tezi isiyofanya kazi ipasavyo, au hana tezi kabisa. Siku za mwanzo huonekana mzima, kwa kuwa bado anatumia akiba ya mama. Akianzishiwa dawa ndani ya wiki mbili hivi za kwanza, hukua sawa na wenzake. Akicheleweshwa kwa miezi, akili hudumaa, na dawa ya baadaye haiirudishi. Ni katika sababu chache za ulemavu wa akili ambazo mtu anaweza kuzizuia kabisa kwa kidonge. Nchi nyingi humtoa kila mtoto mchanga tone la damu kisiginoni siku zake za kwanza. Mpango wa namna hiyo kwa ajili ya tezi ulianzia Quebec, Kanada, katika miaka ya 1970. Kwetu haujawa desturi. Kwa hiyo tumebaki na macho, na macho yetu hayajafundishwa: mtoto anayelala mno, asiyelia sana, anayenyonya kwa unyonge, ambaye umanjano umekawia kumtoka, kitovu kimetokeza, ulimi mnene, choo kigumu. Mabibi wanamtazama na kusema, "Mtoto mtulivu, mashallah." Utulivu wa aina hiyo ni wa kumkimbiza hospitali.

Waheshimiwa, hilo la kisigino anzeni nalo mahali pamoja tu, Hospitali Kuu ya Pwani, kisha mpanue. Karatasi ya tone la damu husafiri kwa bahasha.

Kuhusu dawa, nina mengi ya kusema kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Tezi iliyolegea hutibiwa kwa thairoksini ya vidonge, dawa iliyo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mara nyingi ni ya maisha. Imo katika dawa rahisi kuandikiwa, na katika dawa rahisi kuharibiwa na mazoea. Inataka tumbo tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Mtu wa Mombasa anaimeza pamoja na chai ya maziwa na mahamri, na pengine na kidonge cha kuongeza damu juu yake; maziwa na madini ya chuma huizuia isiingie mwilini, kipimo kinarudi kibaya, daktari anaongeza dozi, na kosa lilikuwa kikombe. Ramadhani inapokuja wengine huiacha mwezi mzima. Hawana haja ya kuiacha. Inaweza kunywewa usiku, mtu akishakaa muda wa saa tatu au zaidi tangu ale, au kabla ya daku kwa nafasi ya nusu saa, mtu akipanga na daktari wake kabla ya mwezi kuandama. Haya yasemwe misikitini mwezi wa Shaabani. Tena dawa hii haipendi joto: nyingi zinatakiwa kuwekwa chini ya nyuzi 25, penye ukavu na kiza, na mnajua nyumba zetu za mabati zinavyowaka saa nane mchana. Anayeiweka dirishani amenunua chaki.

Mwenye tezi inayokwenda mbio hupewa dawa nyingine, kama kabimazoli, na huyo ana onyo lake ambalo lazima alijue siku ya kwanza: akipata homa na koo kumuuma, aache dawa na akapime damu siku hiyo hiyo, kwa sababu kwa watu wachache dawa hii huangusha chembe nyeupe za damu. Nimeshika pakiti nyingi mkononi na wenye pakiti hawakuambiwa. Wengine huhitaji upasuaji, na wengine iodini ya mionzi, ambayo mara nyingi safari yake ni ya Nairobi, na nauli na pa kulala ni juu yao.

Najua mtakachonijibu. Fedha hazitoshi, kuna malaria, kifua kikuu, kisukari, presha, mishahara ya wahudumu haijakaa sawa. Sikatai. Lakini tazameni mlivyo navyo tayari. Wahudumu wa afya ya jamii walikabidhiwa mikoba Septemba 2023, ndani mna kipima presha na kipima sukari, nao wanabisha milango ya Mikindani, Bombolulu na Mtongwe. Waongezewe maswali matano na funda la maji. Damu ya wagonjwa wa virusi vya Ukimwi husafirishwa kutoka vituo vidogo hadi maabara kubwa, na utaratibu huo unafanya kazi. Damu ya tezi ya mgonjwa wa Likoni, Port Reitz, Tudor na Mrima ikipanda gari hilo hilo, hakuna haja ya mashine katika kila hospitali. Pwani FM, Radio Rahma, Radio Salaam na Baraka FM ziko hapa hapa, na mtangazaji akileta daktari anayezungumza Kiswahili chepesi, simu hazitakoma. Ambacho hamtakwepa kulipia ni wasiopimwa: moyo uliopigwa na tezi miaka mingi hupoteza mpangilio, damu ikaganda, mtu akapooza, na huyo analala wodini kwenu.

Wala siombi hisani. Katiba ya 2010 kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na kifungu cha 35 kinaitaka serikali itangaze habari muhimu. Jedwali la Nne likawapa ninyi wa kaunti hospitali na zahanati. Wenye mishahara wanakatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, tangu Oktoba 2024, na hapo kwenye kaunta swali ninaloulizwa kila mara ni kama SHA inalipa kipimo cha tezi, wapi, na kwa sharti gani. Swali hilo linahitaji jibu lililoandikwa ukutani kwa Kiswahili, katika kila kituo.

Tarehe 25 Mei ni Siku ya Tezi Duniani. Sitaki fulana, keki wala msafara wa magari. Kabla ya siku hiyo nataka kujua: ni hospitali gani za kaunti zinazopima TSH leo, na kwa shilingi ngapi? Thairoksini imo katika maagizo yenu ya dawa ya mwaka huu, na kwa miezi mingapi? Ni nani atakayewafundisha wakunga na wahudumu wa jamii, na lini? Kisigino cha mtoto mchanga kitaanza kupimwa mwaka gani? Majibu yenu, yakiwa mazuri au mabaya, nitayabandika kwenye mlango wa duka na kuwapa wenzangu wa maduka ya dawa kutoka Changamwe hadi Utange wayabandike kwao.

Wasalaam,

Mwenye duka la dawa,
Kisauni, Mombasa